Brian Hakuvunja Ndoa ya Mtu

Usiku wa tarehe 24 Januari 2013, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha sehemu mpya ya The Office iitwayo "Customer Loyalty". Muda mwingi wa sehemu ile ulikwenda kwa mambo tuliyoyazoea: watu wanazubaa kazini, wanachokozana, wanakwepa kazi kwa bidii kubwa kuliko ambayo wangeitumia kuifanya. Halafu zikaja dakika za mwisho. Mume na mke wanagombana kwenye simu. Simu inakatwa. Mke analia. Na mwanamume ambaye hatukuwahi kumwona tangu tamthilia ianze mwaka 2005, mshika maikrofoni aliyekuwa nyuma ya kamera miaka yote hiyo, anaingia kwenye picha kumtuliza, na anawaambia wenzake wazime kamera.

Mashabiki wakawaka. Huyu Brian ni nani? Katokea wapi? Anamtaka nini Pam? Mtu aliyeonekana kwa muda mfupi kuliko tangazo la sabuni akawa ndiye mhusika anayechukiwa kuliko wote.

Mi nimezifikiria hasira zile kwa muda mrefu, na si kwa umbeya wa nani kampenda nani. Nazifikiria kama msomaji wa fasihi. Hasira ya hadhira ni aina ya uhakiki: uhakiki wa haraka, usio na adabu, usiojali nukta wala mkato, lakini uhakiki. Na kwenye sehemu hii naamini mashabiki walihisi jambo la kweli kabisa, ila wakaliita kwa jina lisilo lake. Walisema Brian. Kilichowauma ni ile simu.

Kama hujaitazama na hutaki kuharibiwa utamu, ishia hapa. Wengine tuendelee.

Kwa ufupi, kwa waliosahau. The Office asili yake ni Uingereza. Ricky Gervais na Stephen Merchant waliianzisha BBC mwaka 2001, wakaifunga ikiwa na sehemu 14 tu ukihesabu na zile za Krismasi. Greg Daniels akaihamishia Marekani, akaiweka kwenye kampuni ya kuuza karatasi iitwayo Dunder Mifflin, tawi la Scranton, Pennsylvania, na huko ikaenda misimu 9 na sehemu 201. Mbinu ya zote mbili ni moja: tunaambiwa kuna watu wanatengeneza filamu ya makala kuhusu ofisi ya kawaida. Ndo maana wahusika wanaitupia kamera jicho wakati bosi anaropoka, na ndo maana kila baada ya muda mmoja wao anaketi kitini na kuieleza kamera yaliyo moyoni. Hakuna vicheko vya kurekodiwa. Ukicheka, unacheka mwenyewe.

Katikati ya karatasi hizo kuna Jim na Pam. Yeye muuzaji, yeye wa mapokezi, meza zao zinatenganishwa na hatua chache. Pam alikuwa mchumba wa Roy, kijana wa ghalani, na Jim alikuwa yule rafiki anayemchekesha mchana kutwa na kurudi kwake akiwa mnyonge. Busu lilikuja Mei 2006. Ndoa ilifungwa Oktoba 2009, na mtoto wa kwanza, Cece, akazaliwa kwenye sehemu iliyorushwa Machi 2010. Kwa mashabiki wengi, hawa wawili ndio sababu ya kuitazama tamthilia, hasa baada ya Steve Carell kuondoka mwaka 2011 na kuiacha ofisi bila bosi wake.

Msimu wa 9 ukageuza meza. Jim, aliyetumia miaka minane kutuambia kwamba kuuza karatasi si kazi ya maisha yake, anaingia na marafiki kwenye kampuni ya masoko ya michezo huko Philadelphia. Siku kadhaa za wiki anakaa huko. Pam anabaki Scranton na kazi yake, na watoto wawili, na nyumba.

Sasa, ile simu. Siku hiyo Cece ana onyesho la kucheza ngoma. Jim hawezi kufika, kwa hiyo anamwomba Pam amrekodie. Pam anajaribu, video haipatikani. Siku hiyo hiyo, kule Philadelphia, mwekezaji mkubwa amejitoa kwenye kampuni ya Jim. Kwa hiyo wanapopatana hewani, kila mmoja ana mzigo wake na hakuna mwenye mkono wa kumpokea mwenzake. Jim anauliza kuhusu video. Pam anaeleza. Jim anakasirika, na anakasirika kwa namna ambayo hatujawahi kuisikia kwake: anaongea na mkewe kama msimamizi anayemwuliza mtu wa chini yake kwa nini ripoti haijaletwa. Angalia hapo jinsi lugha ya ofisi ilivyohamia nyumbani. Tamthilia nzima ilikuwa inafanya kinyume chake, inaingiza lugha ya nyumbani ofisini. Zile keki za siku ya kuzaliwa, zile zawadi za Krismasi, ule utani wa kufunga stepla ya Dwight ndani ya jeli. Usiku ule mkondo ukageuka.

Hakuna mwovu kwenye simu ile. Ndio ugumu wake. Ukimsikiliza Jim unamwelewa, ukimsikiliza Pam unamwelewa, na ukiwaelewa wote wawili unabaki huna pa kuegemea. Waigizaji, John Krasinski na Jenna Fischer, hawapandishi sauti sana. Pam anageuka kwa yule tusiyemwona na kuuliza anakosea wapi. Hapo ndipo Brian anapotokea.

Mashabiki waliomkataa walikuwa na sababu za aina tatu, na nataka niziheshimu zote, maana kila moja ina kitu ndani yake.

Wa kwanza waliogopa. Walisema: huyu amekuja kumchukua Pam. Hofu hii inachekesha ukiitazama juu juu, kwani mtu akimtuliza mwanamke anayelia lazima awe anamtaka? Lakini hawa walikuwa wanasoma vizuri sana. Hadithi zina desturi zake. Mwanamume mgeni hatokei saa ya machozi kwa bahati mbaya, mtunzi amemleta. Na nani aliyewafundisha mashabiki kusoma hivyo? The Office yenyewe. Misimu miwili ya mwanzo ilikuwa ni hadithi ya mwanamume aliyekuwepo, anayesikiliza, anayejua lini mwanamke wa mtu mwingine ameumia. Mwanamume huyo aliitwa Jim. Roy hakuwa mkatili wa kutisha, alikuwa tu hayupo hata alipokuwepo, na Jim akaingia kwenye pengo hilo tukimshangilia. Sasa pengo limefunguka tena, na safari hii aliyeliacha ni Jim, na mwingine amesimama mlangoni akiwa na uso ule ule wa huruma. Brian ndiye Jim wa mwaka 2005. Mashabiki walimtambua mara moja, ndo maana walimchukia.

Yaani hebu tafakari: tulichokiita mapenzi ya kweli miaka minane iliyopita, leo tunakiita uvamizi. Kitendo ni kile kile. Kilichobadilika ni upande tuliokaa.

Wa pili walilalamikia kanuni. Walisema tamthilia imevunja mkataba wake: wapiga picha hawaonekani, hawasemi, hawaingilii. Wahakiki wa tamthilia wana msemo wa ukuta wa nne, ule usioonekana kati ya jukwaa na watazamaji, na hapa ni kama fundi wa ukuta mwenyewe ametoboa tundu na kuchungulia. Nawaelewa, ila ushahidi hauwaungi mkono. Kamera ya The Office haikuwahi kuwa na mikono safi. Kwenye "Fun Run", mwaka 2007, Jim na Pam wanakana mbele ya kamera kwamba ni wapenzi, na wapiga picha wanawaonyesha picha walizowapiga kwa siri wakibusiana ndani ya gari. Na kwenye sehemu ya kwanza ya huo huo msimu wa 9, "New Guys", Pam anawauliza kwa nini bado wanapiga picha baada ya miaka yote hii, na sauti kutoka nyuma ya kamera inajibu kwamba wanataka kuona wao wawili wataishia wapi. Kwa maneno mengine, kabla Brian hajaonyesha uso, tulishaambiwa kwamba watu hawa wamebaki Scranton kwa sababu ile ile tuliyobaki nayo sisi kwenye kochi.

Na sisi tuliolelewa kwenye hadithi za kutambwa tungepaswa kuwa wa mwisho kushtuka. Kwenye utambaji, fanani na hadhira wanaonana. Paukwa, na hadhira inajibu pakawa kabla hadithi haijaanza. Bila jibu hadithi haiendi. Hadhira inaguna, inauliza, inamwonya sungura. Ukuta wa nne ni samani ya nyumba ya wengine, sisi tuliukuta tu. Kwa jicho hilo, Brian si mvunja kanuni. Brian ni hadhira. Amewatazama hawa watu tangu mwanzo, amesikia kila mnong'ono kupitia maikrofoni yake, amependa akiwa gizani bila kuruhusiwa kusema neno, na siku mpendwa wake anapoulizia anakosea wapi, anashindwa kukaa kimya. Nani kati ya mashabiki waliomlaani hakuwa anatamani, sekunde ile ile, aingie ndani ya runinga amshike Pam bega? Brian alifanya walichotaka kufanya wote. Huenda hilo nalo liliwaudhi, kujiona wenyewe kwenye picha, na maikrofoni mkononi.

Wa tatu ndio wenye hoja nzito zaidi. Walisema: Jim hawezi kufanya hivi. Huyu si Jim wetu. Waandishi wamempinda ili wapate cha kuandika.

Hapa nawapinga waziwazi. Jim ndivyo alivyo tangu zamani. Mwaka 2008, kwenye "Frame Toby", alinunua nyumba ya wazazi wake bila kumwambia Pam, akampeleka kumwonyesha ikiwa tayari imeshalipiwa. Ilikuwa na michoro ya ajabu ukutani na zulia baya, na Pam akaipenda, na sisi tukasema mume ndo huyu. Msimu wa 9 anakubali nafasi kwenye kampuni mpya bila kumwambia Pam. Ni tabia ile ile: mwanamume anayeamua peke yake kisha anamletea mwenzake uamuzi ukiwa umefungwa utepe. Mara ya kwanza ndani ya utepe kulikuwa na nyumba, tukapiga makofi. Mara ya pili kulikuwa na kutokuwepo. Waandishi hawakumpinda Jim. Walichofanya ni kutuletea bili ya karamu tuliyokwishaila.

Lakini ukweli uliowafanya hawa wa tatu waumie upo, na unazidi tabia ya Jim. Ndio ninaouita moyo wa sehemu hii.

Kichekesho cha ofisini kina ahadi yake ya siri. Kinatuambia: kazi ni ya kuchosha, haina maana kubwa, bosi ni mpuuzi, lakini ndani ya nyufa za kazi hiyo maisha yanaota kama majani kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka. Urafiki, utani, mapenzi. Jim na Pam walipendana kwa sababu kazi yao ilikuwa na nyufa nyingi. Muda wa kumtania Dwight nusu saa nzima ulikuwepo kwa kuwa hakuna aliyejali karatasi. Sasa mpe Jim kazi anayoipenda. Kazi inayohitaji akili yake yote, inayomlaza usiku akiiwaza, yenye wawekezaji wanaoweza kujitoa. Nyufa zinazibwa. Hakuna pa kuota jani. Kazi mbaya iliwapa ndoa, na kazi nzuri inataka kuichukua.

Ndugu zangu, hilo ni jambo zito sana kuambiwa na komedi Alhamisi usiku, na watu walilisikia. Walilisikia mwilini kabla hawajalielewa kichwani. Na mtu akisikia jambo zito hivyo anatafuta wa kumlaumu mwenye uso. Huwezi kuichukia hali. Huwezi kuuchukia umbali wa Scranton hadi Philadelphia, ambao kwa gari ni saa mbili tu na zaidi kidogo. Brian alikuwa karibu, na alikuwa na uso.

Kwetu huku hii si habari ya Pennsylvania peke yake. Mwalimu anapangiwa kituo Kigoma wakati mwenzake yuko bandarini Tanga. Wamefunga ndoa, lakini ndoa inaishi kwenye mabasi na kwenye simu. Baba yangu alifanya kazi mji mwingine kwa miaka, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Ninayoyajua ni ya upande mmoja wa simu zile, upande wa mama. Kwanza salamu ndefu, halafu ada, halafu nani ameumwa, halafu sauti inabadilika. Nilikuwa nasikia mama akisema nilikwambia, kisha kimya, kisha si nilikwambia lakini. Salio likiisha ugomvi nao uliishia hapo hapo, haujatatuliwa, unasubiri vocha. Hakukuwa na Brian wa kumtuliza mtu. Kulikuwa na sisi watoto tukijifanya tumelala.

Kwa hiyo nilipofika kwenye sehemu hii, kupitia flashi ya rafiki kama wengi wetu tulivyozipata season miaka ile, sikuona mwanamume anayemnyemelea mke wa mtu. Niliona simu. Niliona jinsi video ya mtoto inavyobeba uzito usio wake: si video wanayoigombania, ni nani alipaswa kuwa kwenye kile kiti mbele ya jukwaa. Pam angemrekodia Jim onyesho zima kwa ustadi wa mpiga picha wa harusi, na bado Jim asingekuwepo.

Baada ya hapo tamthilia ilifanya nini? Hapa ndipo hukumu yangu inapokuwa kali kidogo.

Wiki moja baadaye, tarehe 31 Januari, ikaja "Vandalism". Mfanyakazi wa ghalani anachafua mchoro wa ukutani wa Pam, Pam na Dwight wanalipiza kwenye gari lake, jamaa anamjia Pam kwa hasira, na Brian anamzuia kwa kumpiga na ile maikrofoni yake. Anafukuzwa kazi. Yaani mtu aliyeletwa kama swali, wiki moja tu baadaye anageuzwa shujaa wa filamu ya mapigano kisha anatolewa mlangoni. Anarudi kidogo kidogo: wanakula naye chakula cha mchana, anatuambia ndoa yake mwenyewe imevunjika, na Aprili, kwenye "Promos", Pam anamtembelea kumwuliza ni kiasi gani walirekodiwa. Halafu basi. Lile swali la mtu aliyependa akiwa nyuma ya maikrofoni halikujibiwa. Likafukiwa.

Kwenye kitabu cha Andy Greene cha mwaka 2020, kilichokusanya kumbukumbu za waliotengeneza tamthilia, inaelezwa kwamba liliwahi kuwepo wazo la kuwatenganisha Jim na Pam kabisa, wakutane tena mwishoni. Wazo likaachwa. Sidai kwamba mashabiki peke yao ndio waliolizima. Watunzi nao wana mioyo, na waigizaji nao walikuwa wameishi na watu hawa miaka tisa. Ila matokeo tunayaona kwenye skrini. Kwenye "Paper Airplane" wanakumbatiana nje ya ofisi, na picha ya harusi yao inarudishwa katikati ya kumbatio. Kwenye "A.A.R.M.", sehemu moja kabla ya mwisho, Jim anawaomba wapiga picha wamtengenezee Pam video ya miaka yao yote pamoja, kisha anampa ile barua aliyoiandika Krismasi ya 2005 na kuificha.

Nililia. Niseme ukweli, video ile inaliza. Lakini tazama imetengenezwa na nini. Imetengenezwa na sehemu tulizozipenda. Ni kipande kile ambacho shabiki yeyote angekiunganisha mwenyewe chumbani kwake. Pam ametulizwa kwa kuonyeshwa tulichokiona sisi. Na ni jibu la swali la je, unanipenda, wakati swali la kwenye simu lilikuwa jingine kabisa: nani atakuwepo? Pam hakuwahi kutilia shaka kwamba anapendwa. Alitilia shaka kwamba maisha mawili yanaweza kuingia ndani ya wiki moja. Swali hilo tamthilia ililijibu kwa zamu za kujitoa mhanga: kwanza Jim anaiacha kazi na kurudi Scranton, kisha, kwenye sehemu ya mwisho ya Mei 16, Pam anauza nyumba bila kumwambia Jim ili wahamie Austin. Siri kwa siri, nyumba kwa nyumba. Tukapiga makofi tena, hatujabadilika.

Sisemi walipaswa kuachana. Mwisho wa furaha una haki yake, na komedi isiyo na harusi ni kama pilau bila nyama: unakula, lakini unajua. Ninachosema ni kwamba zile dakika za Januari zilikuwa na ujasiri ambao Mei haikuwa nao, na kelele dhidi ya Brian zilifanya iwe rahisi kuusahau. Brian akiwa ndiye tatizo, basi kuondoka kwa Brian ni ufumbuzi. Simu haikuhitaji tena kujibiwa.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linahusu kungoja. Mwaka 2013 aliyeiona sehemu ile alikaa na machozi ya Pam siku saba. Siku saba za kubishana kazini, kwenye daladala, kwa simu. Hasira ile ilikuwa na muda wa kuiva. Leo The Office inatazamwa kwa namna nyingine: mwaka 2020, kwa hesabu za Nielsen, Wamarekani waliitazama kwa zaidi ya dakika bilioni 57 mtandaoni, na mtazamaji wa namna hiyo akimwona Pam analia, sekunde kumi baadaye sehemu inayofuata inaanza yenyewe. Hana muda wa kumchukia Brian. Tamthilia mpya inayotumia wapiga picha wale wale wa kubuni, The Paper, kuhusu gazeti la Toledo, ilipoanza Septemba 2025 sehemu zake 10 zote ziliwekwa siku moja. Sehemu ikikosa wiki yake inakosa na hadhira yake. Watu watakuambia wameipenda au hawakuipenda tamthilia nzima, lakini ni nadra kusikia mtu amekosa usingizi kwa ajili ya dakika mbili.

Ndo maana mi zile kelele za 2013 sizicheki. Tamthilia yenyewe ilizicheka kidogo: kwenye "Promos" Andy anasoma maoni ya watazamaji kuhusu filamu yao na kuumia kama mtoto. Lakini watu waliokesha wakimlaani mshika maikrofoni walikuwa wanafanya kazi ambayo sisi tunaojiita wahakiki huifanya kwa uvivu. Walikuwa wanamjali mtu wa kubuni kiasi cha kumpigania. Walikosea mlango tu.

Itazame tena sehemu ile ukipata nafasi. Brian akiingia kwenye picha, usimwangalie yeye. Mwangalie Pam, na ile simu ambayo haitaita tena usiku ule, na jiulize ungekuwa wewe ndiye Jim, saa mbili na zaidi kutoka hapo, mwekezaji ameondoka na mtoto ameshalala, ungepiga tena au ungesubiri kesho.